Karatasi za Mama Zawadi

Harufu ya karanga zinazokaangwa kwenye mchanga wa moto hunifikia kabla sijafika kona ya kwetu, pale Mudzi Pela. Kwanza inakuja harufu ya moshi wa makaa, halafu ile ya ganda linaloanza kuungua, na kabla sijamwona muuzaji mwenyewe mate yameshanijaa kinywani. Muuzaji ni Zawadi. Ana namna yake ya kuuza. Huchukua kipande cha karatasi, hukuonyesha upande huu, hukigeuza akakuonyesha upande ule, ndipo anakikunja kama pembe na kumimina karanga ndani. Humfanyia hivyo kila mteja, hata mwendesha pikipiki anayepiga honi kwa haraka. Watu wa mtaa wanasema ni usafi, na wengine wanamcheka. Mimi sicheki. Mama yake, aliyekaa hapohapo kabla yake, alikuwa akifanya vilevile, na kwa miaka mingi nilijiona ndiye mtu pekee Bunia nzima anayejua sababu. Nilijua vibaya.

Acheni niwasimulie, lakini mnivumilie. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wanafunzi wangu wa Kiingereza watawaambia, na jambo hili bado linanikera nikilitamka.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, ndiyo kwanza nimemaliza shule ya msingi. Tuliishi wawili tu, mimi na Mama, katika nyumba ya udongo yenye bati lililopiga kelele kwenye mvua. Tulikuwa tumekimbia vita kutoka kijiji chetu cha upande wa Djugu wakati mimi ningali mgongoni. Baba simkumbuki. Dada yangu mkubwa, Imani, namkumbuka kwa jina tu. Nikimuuliza Mama yuko wapi, jibu lilikuwa moja: "Imani iko ng'ambo." Ng'ambo maana yake ni Uganda, ukishuka Kasenyi na kuvuka ziwa. Mama alilisema kwa sauti ya kufunga mlango, nami nikajijazia mwenyewe yaliyokuwa nyuma ya mlango huo: Imani anasoma. Imani ana soksi nyeupe. Imani anaongea Kiingereza na walimu wake. Niliwasimulia wenzangu wote kisimani habari za soksi hizo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na dada wa kushindana naye.

Basi mjomba wangu, Tonton Baraka, kaka wa Mama, alikuwa mfanyabiashara wa beseni na ndoo za plastiki. Alizileta kutoka Uganda, na kila akifika alifikia kwetu, akavua viatu, akanyoosha miguu, Mama akamletea maji. Kabla hata hajayanywa, Mama alimuuliza neno moja kwa sauti ya chini: "Bado?" Naye alijibu bila kumtazama: "Bado." Nilidhani wanazungumzia beseni ambazo hazijafika.

Likizo kubwa ya mwaka ule Tonton alikuja na habari. Kule ng'ambo kulikuwa na mama mmoja mjane, rafiki yake wa sokoni, aliyekuwa tayari kumpokea mtoto mmoja nyumbani kwake ili asome shule ya Kiingereza. Mmoja tu, kwa sababu kitanda kilikuwa kimoja. Na watoto wa kike wa ukoo waliofikia umri huo tulikuwa wawili: mimi, na Esther, binti wa mama mdogo, aliyekaa mtaa wa Mbunya. Baba yake Esther alikuwa mwalimu, nyumba yao ilikuwa na rafu ya vitabu. Kwetu kulikuwa na Biblia na kalenda ya zamani.

Tonton hakutaka lawama ya kuchagua. Alituita wote kwetu, Esther na mama yake, mimi na Mama, akatoa mfukoni vipande vya katoni alivyokata kutoka kwenye boksi la sabuni. Kila mmoja wetu alipata vipande saba, na juu ya kila kimoja palikuwa na herufi kwa kalamu nyeusi: A, E, I, N, R, S, T.

"Mutatafuta maneno ya Kingereza yenye inatoka mu hizi tu," akasema. "Usiongeze letre ingine. Na letre moya, mara moya mu neno moya. Batoto ya kule wanacheza hii kila siku ku masomo, mi mwenyewe niliona. Nitarudia kisha wiki tatu. Mwenye iko na mingi, njo atavuka na miye. Lakini kila neno, unisemee na maana yake. Siko nataka kasuku."

Kisha akamgeukia Mama. "Dada, unaonaje?"

Mama alikuwa ameinamia sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Kwetu kaka mkubwa akisema mbele ya watu, dada yake hana neno la kurudisha, na huyu ndiye aliyetutafutia hata hilo bati la kulalamika. Mama akasema, "Ni sawa, yaya," neno letu la kumwita kaka mkubwa. Akakoroga sombe. Nilimwona akikoroga kwa muda mrefu, wala sufuria haikuwa motoni.

Kabla ya kuondoka, ili mambo yawe sawa, Tonton aliniachia mimi kamusi ndogo ya Kiingereza, jalada la kijani, imetumiwa lakini nzima. Ilinuka bidhaa za boti: mafuta ya taa na samaki wa chumvi. Nililala nayo kichwani.

Sasa hebu fikirieni mtoto aliyesoma Kifaransa cha darasani na Kiswahili cha nyumbani, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, ameketi kwenye mkeka na katoni saba. Nilizipanga, nikazipangua. Niliunda kitu kama RINTA, nikafungua kamusi, hakipo. SENTRI, hakipo. ATERIS, hakipo. Nilikuwa natengeneza maneno mazuri kabisa, yenye sauti nzuri, na Waingereza hawakuwa na habari nayo. Iliniudhi mno. Niliona hawa watu wamepewa herufi zilezile kama sisi halafu wameziacha nyingi bila kazi.

Siku ya nne nikapata akili. Badala ya kubuni, nikaamua kusoma kamusi yenyewe, mstari kwa mstari, kidole kikishuka, na kila neno nililipima kwa katoni zangu. Nilianza na herufi A, ikanipa machache: *ant*, sisimizi, *art*, sanaa. Maana iliandikwa kwa Kiingereza hichohicho, ndiyo taabu nyingine, lakini baadhi ya maneno yalikuwa na picha, na mengine nilimkimbilia katekista wetu aliyewahi kukaa Kampala. E nayo ikanipa: *eat*, kula, *ear*, sikio. Ila nilipochungulia mbele, kwenye R, S na T, niliona utajiri. *Rain. Rat. Rest. Sea. Sit. Star. Tea. Ten. Train.* Yalikuwa yamejaa kama mchwa baada ya mvua. Nikaamua kuyaacha kwanza, nimalize kwa utaratibu, lakini kila jioni kabla jua halijazama nilirudi kuyatazama tu, kidole kikitembea palepale, huku Mama akichambua maharage pembeni yangu.

Mama hakusoma. Alijua kuandika jina lake na jina langu. Alikaa karibu akaniangalia, na mara moja aliuliza, "Njo hapa yenye maneno iko mingi?" Nikamwambia ndiyo, hapa ndipo nitakapomshinda Esther. Akasema, "Aa." Akaendelea na maharage.

Siku ya tisa niliporudi kutoka kisimani na bidon yangu ya maji, nikajipangusa mikono, nikafungua kamusi. Baada ya Q ilikuja U.

Nilifungua tena. Q, halafu U. R haikuwepo, S haikuwepo, T haikuwepo. Nilitikisa kamusi kama mtu anayetikisa kiatu chenye kokoto. Nilitazama chini ya mkeka, chini ya kitanda, ndani ya pipa la unga. Kurasa hazikuwa zimenyofolewa kwa fujo. Zilikuwa zimetolewa moja moja, karibu kabisa na mshono, kwa ustaarabu wa mtu anayetoa majani ya sombe kwenye kikonyo. Jambo hilo ningelitazama vizuri, lakini nilikuwa na hasira na hasira haina macho ya mambo madogo.

Mwizi nilimjua mara moja. Mngekuwa Bunia nanyi mngemjua. Kwetu karatasi ikishaandikwa haiendi popote isipokuwa kwenye karanga. Daftari zako za mwaka jana, mitihani ya jirani, fomu za ofisi, barua za wachumba walioachana, zote huishia kushika karanga. Na muuza karanga alikuwa nje ya ua wetu, hatua kumi kutoka mlangoni: Mama Zawadi, mwanamke mfupi mwenye mashavu, aliyeingia kwetu kila asubuhi kuomba kaa la moto. Asubuhi ile pia alikuwa ameingia.

Nilitoka mbio bila viatu. Palikuwa na wateja, palikuwa na mapadri wawili wanapita, palikuwa na binti yake mdogo Zawadi mgongoni mwake, amelala. Nikasimama mbele ya sinia lake nikapiga kelele kwamba ni mwizi. "Umeiba karatasi za dikisionere yangu! Weye ni mwizi! Zirudishe!" Nikaanza kuvuta pembe za karatasi zilizokwisha kujazwa, karanga zikamwagika vumbini, nazifungua moja moja kutafuta Kiingereza changu.

Mama Zawadi hakunyanyua mkono. Alinitazama tu, mdomo wazi, kijiko cha mti kikiwa hewani. Mama alitoka nyumbani akaja akanishika mkono, akaniburuta ndani. Nilijikaza kupokea fimbo. Hakunipiga. Mama yangu, aliyenichapa kwa kuvunja kikombe, siku hiyo hakunipiga, na nikachukulia kwamba ananiunga mkono. Alinifungia ndani, akarudi kule. Kupitia dirisha nilimwona amechutama mbele ya sinia, akiokota karanga moja moja, akizipuliza vumbi, huku anaongea. Aliongea muda mrefu, kichwa chini. Mama Zawadi alisikiliza. Kisha aligeuka akatazama dirisha letu, akanitazama mimi. Akarudisha macho kwenye karanga zake, akasema maneno machache ambayo sikuyasikia.

Mama aliporudi alisema, "Kesho utaenda kwake. Amekubali ufungue makaratasi yake yote, yenye iko nayo mu gunia."

"Kwa hiyo amekubali ameiba?"

"Neema, nimesema utaenda kufungua makaratasi."

Nikaenda. Siku kumi na mbili zilizobaki za mashindano yangu nilizitumia kwenye gunia la Mama Zawadi. Wakati Esther, huko Mbunya, amekaa kwenye kiti mbele ya kamusi nene ya baba yake, mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi nikifungua uchafu wa watu. Nilisoma mtihani wa jiografia wa kijana aliyeweka mto Kongo Ulaya. Nilisoma kadi ya kliniki ya mtoto ambaye uzito wake haukupanda. Nilisoma barua ya mwanaume wa Marabo akilalamika kwamba wakwe wameongeza mbuzi. Nilisoma nusu ya nyimbo za kanisa. Kurasa zangu hazikuwemo. Kila gunia lilipoisha, Mama Zawadi alinunua jingine, akaliweka mbele yangu kabla ya kuligusa mwenyewe. "Angalia basi, mama," alisema. Aliniita mama, kama watu wanavyowaita watoto wanaowapenda, na mimi nikajiambia mwizi huyu ana ulimi mtamu.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni Mama. Alianza kwenda kumsaidia. Akimaliza kazi zake, alichukua kigoda, akakaa kando ya Mama Zawadi na kubambua karanga mbichi, beseni baada ya beseni, vidole vikawa vyekundu. Hakuwa amewahi kufanya hivyo. Nilimwuliza kwa nini anamfanyia mwizi kazi. Akasema, "Ni jirani." Nilikasirika hadi nikakataa kula.

Mara moja tu gunia lilinipa kitu. Ilikuwa karatasi ya maelekezo ya redio, Kiingereza kitupu, na picha ya betri inaingizwa tumboni mwa redio. Chini ya picha paliandikwa neno INSERT. Nilipanga katoni: I, N, S, E, R, T. Zote zipo, na A peke yake ndiyo imebaki! Nilirukaruka mbele ya sinia. Neno la herufi sita. Mama Zawadi alicheka nami, akanipa karanga za bure, nikazila bila kusema asante.

Tonton alirudi siku aliyosema. Mama alimletea maji. "Bado?" "Bado." Esther alikuja na gauni la kanisani, ameshika daftari lililojalidiwa. Alisoma maneno yake kwa sauti ya kijito kisichokutana na jiwe: *rain* ni mvua, *star* ni nyota, *tea* ni chai, *train* ni treni, *sit* ni kukaa. Maneno yangu yote, yale niliyoyatazama kila jioni nikayaacha kwa ajili ya utaratibu. Nilijua mengine kwa kichwa na niliyaandika, lakini maana yake sikuwa nimeifikia kabla kurasa hazijatoka, na Tonton alikuwa amesema hataki kasuku. Yakafutwa. Nikabaki na silaha yangu moja.

"*Insert*," nikasema.

Tonton akahesabu herufi, akainamisha kichwa kwa heshima. "Na maana yake?"

"Betri."

Akacheka, jamani. Alicheka hadi akashika goti. Akaeleza kwamba maana yake ni kuingiza, siyo betri, na kwamba alisikitika, lakini kanuni ni kanuni. Esther alinipita kwa maneno kumi na mawili. Nilihesabu mara tatu kutafuta kosa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilipomtazama ili anililie, niliona amefumba macho na anapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nilidhani ni huzuni. Jioni hiyo alinipikia kuku, na nilimla kwa hasira hadi mfupa.

Esther alivuka. Mimi nikaanza sekondari hapahapa, na kutokana na uchungu nikakishika Kiingereza kama mtu anayemshika mdeni shati. Kila nilipopita kwa Mama Zawadi kununua karanga, na nilinunua kwa makusudi, niliifungua pembe mbele yake nikasoma karatasi pande zote mbili kabla ya kula. Nilitaka ajue kwamba sijasahau. Baada ya muda hakuningoja nifungue. Akiniona natokea kwenye kona, alichukua karatasi, akanionyesha upande huu, akaigeuza akanionyesha upande ule, ndipo akaikunja. Hakuwahi kusema neno. Niliona ni dhamiri inamsuta.

Nilipofika miaka kumi na sita, Tonton ndiye aliyeniambia habari za Imani. Hakukuwa na shule wala soksi. Wakati wa kukimbia, Mama akiwa na mimi mgongoni na watoto wanakanyagwa ufukweni, mwanamke mmoja wa kijiji alikuwa amepata nafasi kwenye mtumbwi. Mama alimpa Imani avuke naye, kwa ahadi ya kukutana baada ya wiki. Hawakuonekana tena, yeye wala yule mwanamke. "Bado" ilikuwa Imani. Kila safari Tonton aliuliza kambini kwa wakimbizi na sokoni, na kila safari alirudi na neno lilelile. Nililia siku hiyo kwa ajili ya Mama na kwa ajili ya soksi nyeupe. Lakini hata hapo, niaminini, sikuunganisha. Mwizi wangu nilikuwa naye tayari, sikuwa na haja ya mwingine.

Mama Zawadi alifariki nikiwa mwaka wa tatu wa kufundisha. Nilienda matangani na sukari na fungu la kuni. Nilikaa na wanawake wengine kwenye mkeka, na moyoni nikasema: nimekusamehe. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema sana.

Mwaka jana tulibadilisha bati la nyumba ya Mama, na ilibidi kutoa vitu vyote nje. Mama, ambaye sasa miguu inamsumbua, alikaa kwenye kiti uani akatoa amri. Nikabeba sanduku lake la bati. Bawaba ilikuwa imeoza, kifuniko kikafunguka, vikwembe vyake vya kujitanda vikamwagika, na chini kabisa palikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo cha Imani. Chini yake, bapa, safi, bila kukunjwa hata pembe moja, zilikuwa kurasa zangu. R, S, T.

Nilikaa kwenye mawe. Mama aliona nilichoshika, wala hakugeuza uso.

"Ulikuwa unarudiaka pale tu," akasema. "Kidole yako. Njo nilijua ni zile."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimkumbatia. Nilikasirika. Mwanamke mzima, mwalimu, nilisimama uani mwa mama yangu nikafoka kama mtoto wa miaka kumi na moja. Nilimwambia kwamba Esther ana maisha yake kule, ana nyumba, watoto wake wamesoma. Ilikuwa kweli. Kweli vilevile kwamba mama yake Esther alipougua, barabara ya Kasenyi ilikuwa imefungwa, na Esther alifika siku tatu baada ya mazishi. Hilo sikulitaja, na Mama pia hakulitaja.

"Ungeniambia," nikasema. "Ungemwambia Tonton hapana."

"Mbele ya batu? Kwa yaya yangu, mwenye alituokota?" Alitazama mikono yake. "Na weye ningekuambia nini? Ulikuwa na Imani yako mwenye anasoma. Ningekuondolea na ule?"

Kisha nikakumbuka karanga zilizomwagika vumbini. "Na Mama Zawadi?"

"Nilimuambia siku ileile, pale nilikuwa naokota karanga. Nikasema njo miye. Nikataka kukuita, nikuambie mbele yake na mbele ya bote wenye walisikia. Akasema, 'Acha. Mutoto akinichukia miye, mi ni jirani tu. Akikuchukia weye, atakula kwa nani?'"

Mafundi waligonga misumari juu. Mama akaniuliza kama kurasa bado zinafaa, maana hakuzichoma, alikuwa anangoja siku ya kunirudishia, halafu siku zikapita. Nilimwambia zinafaa. Akaniomba nisome. Nikasoma, pale uani, yale ya katoni zangu saba, na kila neno alitaka maana. *Rain*, mvua. *Rest*, pumzika. *Train*, treni. Alisikiliza hadi mwisho wa T. "Kumbe ulikuwa utashinda," akasema, na akaanza kulia.

Kesho yake nilienda kwenye kona. Zawadi alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mama yake, moshi unampanda machoni. Nilimuuliza nani alimfundisha kuonyesha karatasi namna ile.

"Mama," akasema. "Alisema kuko mukiriya moya anapendaka kuona karatasi kwanza. Lakini hakutuambia ni nani. Basi siye tunaonyesha bote."

"Mteja yule ni mimi," nikasema. "Na nataka ujue mama yako hakuwa mwizi."

Zawadi aliacha kukoroga. Aliniangalia kama anayeangalia mtu aliyepigwa na jua. "Mwizi? Nani alisema mama yangu alikuwa mwizi?"

Mama Zawadi hakuwa amemwambia hata mtoto wake. Wateja walikuwa wamesimama nyuma yangu, wanasikia, kama siku ile.

"Ni miye," nikasema. "Ni miye nilisema, hapa hapa, na ulikuwa mugongoni yake."

Akanyoosha mkono kwenye gunia la karatasi. Nilimwambia amimine tu, leo asinionyeshe. Sijui kama alinisikia. Alichukua karatasi, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akangoja nitazame.